Nikisimama, Rusha Taulo

Jumapili, 1 Machi

Mvua bado. Kocha kaja asubuhi kuchukua gunia la ngumi nililomshonea upya, kaniachia daftari hili. Kasema, "Mama, mimi huyu mjukuu wako namwona akiwa na jasho tu. Wewe unamwona akila na akilala. Uwe unaniandikia unachokiona." Nikamwambia mimi sikukaa darasani hata siku moja. Akasema hilo analijua, lakini mito ya wateja wangu ina majina, na majina hayakujiandika yenyewe.

Ni kweli. Herufi nilifundishwa na huyu huyu mjukuu wangu alipokuwa darasa la pili. Akirudi shule ananikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, anashika rula ya mbao, nikikosea ananichapa vidoleni. Mimi niliyemfuta makamasi! Kwa hiyo atakayeona makosa humu amlaumu mwalimu wangu. Mama yake, binti yangu wa pekee, aliniachia mtoto wa miezi minane akaenda zake mavumbini. Nikamlea kwa kushona magodoro na mito. Sasa ana miaka ishirini, ni bondia wa kulipwa, na mimi bado namwita mume wangu.

Leo kala vizuri. Kalala mapema. Haya, nimeandika.

Jumatano, 4 Machi

Mume wangu kanuna. Kanuna mpaka mdomo ungeweza kubeba kikombe.

"Bibi, mapambano sita, yote nimeshinda, na bado napigana saa kumi. Watu ndio kwanza wanatafuta viti. Napigana na mfagizi akiangalia."

"Mfagizi si mtu?"

"Wenzangu wanapanda saa tatu, ukumbi umejaa."

Kocha, aliyemleta nyumbani, alikuwa anakunywa chai yangu. Pua yake imelala upande kama paka. Akasema, "Wewe una mkono wa kushoto ambao sijauona tangu nianze kazi hii. Ndiyo maana nimekuita Sindano. Lakini kidevu chako bado kinatazama dari, na hujawahi kuumizwa. Siku ukiumizwa utafanya nini, hujui wewe wala mimi. Hilo gunia halifundishi."

Akaanza kunieleza mimi, mjukuu akiangalia ukuta. Kwamba wapinzani hachagui ovyo. Wa kwanza alikuwa wa kumzoesha kelele. Wa tatu alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Wa sita alikuwa mrefu kama ngazi. Anayekuja ni mkongwe, atamfundisha subira. Wenye mikono mizito waje baadaye sana, mwaka huu wala hawatajwi.

Mimi na gunia tunaelewana. Matambara ukiyajaza kwa pupa hayashindiliki, yanateremka yote chini, chini panakuwa jiwe na juu panabaki ngozi tupu. Anayelipiga anavunjika mkono. Unajaza kidogo, unashindilia, unaliacha lilale, kesho unaongeza. Lakini mtu si gunia, nikawaza. Mtu ana ujana, na ujana haulali. Nikamwona Kocha mwoga kidogo. Namwandika hivi na najua atasoma.

Alhamisi, 5 Machi

Kala. Kalala. Hasemi.

Jumamosi, 14 Machi

Leo niandike vizuri.

Mimi na Kocha tuna mkataba wetu, wa mdomo tu. Pambano la kwanza la mjukuu wangu, Kocha alinikalisha kiti cha mbele, mahali anapoweza kuniona kutoka kwenye kona yake, akaniambia: "Mama, mimi nimeona damu nyingi, jicho langu limeota sugu. Naweza kudhani mtu bado ana nguvu, kumbe ana ukaidi tu. Wewe umembeba huyu mgongoni. Ukiona anaumia kweli, usipige kelele, kelele zitamezwa. Simama. Nikikuona umesimama, narusha taulo, pambano linaisha." Tangu siku hiyo ukumbini sisimami, hata chooni siendi. Wenye viti vya nyuma wananipenda sana.

Leo pia sikusimama. Mkongwe mwenyewe ni mbeba magunia kwenye bohari, mtu wa miaka thelathini na kitu, uso umeshonwa na kufumuliwa mara nyingi. Alimkumbatia kijana, alimkanyaga vidole, alimwegemea kama mlevi aliyeona nguzo. Raundi sita. Mjukuu akashinda kwa pointi, amechoka kuliko siku zote.

Baadaye mbeba magunia akanifuata kwenye ujia, akainama.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye bibi yake?"

"Marahaba, mwanangu. Ndiye mimi."

"Ana mkono mzuri. Mkono mzuri sana." Ulimi wake ulikuwa mzito, kama mtu anayeongea na chakula mdomoni. "Wewe ndiye bibi yake?"

"Ndiye mimi."

Akatabasamu, akaangalia viatu vyake, akaniangalia tena. "Wewe ndiye bibi yake, eti?"

Mjukuu wangu akacheka. Nilimpiga kibao cha mgongo ambacho mbeba magunia hakufanikiwa kumpiga raundi zote sita.

Njiani nikamuuliza Kocha, "Yule anapona lini?"

"Haponi, mama. Naye aliwahi kuwa kijana wa kujengwa. Wakamharakisha. Sasa ni tofali, wengine wanajengewa yeye."

"Na tofali lina bibi?"

Kocha alinifikisha mlangoni kwangu. Chai alikataa.

Jumatatu, 16 Machi

Mvua imeanza. Paa linavuja palepale pa mwaka jana.

Ijumaa, 20 Machi

Kaja promota. Kabla hajagonga mlango, marashi yake yalikuwa yameshaingia yakakaa kwenye kiti. Nimempa jina hilohilo: Marashi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kalia mto huo uliopasuka, mizima ni ya wateja."

Akakaa, suruali yake akiionea huruma. "Bibi, huyu kijana ni almasi."

"Almasi huchimbwa, baba. Umekuja na sururu?"

Akacheka kwa meno yote. Akaeleza. Bingwa mwenye mkanda alikuwa na pambano mwezi ujao, mpinzani wake kavunjika mkono mazoezini. Tiketi zimeshauzwa. Anatafutwa mtu. Raundi kumi. Mjukuu wangu hajawahi kupita sita.

"Mlango umefunguka, bibi. Asipoingia yeye, ataingia mwingine, na hautafunguka tena."

"Huyo Bingwa ana mikono mizito?"

"Ana mikono ya kawaida tu," akasema Marashi, na hakuniangalia.

Mjukuu alikaa anamtazama yule mtu kama alivyokuwa akitazama dirisha la duka la viatu, alipokuwa mdogo na viatu hana.

Jumapili, 22 Machi

Wamegombana nyumbani kwangu, mvua ikipiga bati, ikabidi wagombane kwa sauti ya juu hata maneno ambayo yangefaa yanong'onwe.

Kocha: "Nipe mwaka na nusu."

Mjukuu: "Utakuwa umenizeesha."

Kocha: "Ukipigwa na yule, hutapoteza pambano tu. Utapoteza yote ambayo hujajifunza bado. Mimi sijakufundisha kuumia! Sijafika huko!"

Mjukuu: "Unaniogopea mimi, au unaogopa kuachwa?"

Lile neno lilimwingia Kocha. Nililiona likiingia. Akachukua kofia yake, ikawa inadondosha maji sakafuni na yeye haivai. Akaniambia, "Mama, daftari endelea nalo," akatoka. Nilikuwa nimemwita mwoga humu. Leo nimemwona mtu mzima akibubujikwa na machozi usoni kwa kijana asiye mwanawe, na kijana anatazama simu.

Alipotoka nikasema yangu. "Mume wangu, mimi kufa si habari, hata gazeti halitaandika. Lakini sitaki kukuzika wewe."

"Bibi, usianze uchuro. Hutaki kuniona na mkanda?"

"Mkanda? Mikanda ninayo, nafungia magodoro."

Akacheka, akanikumbatia. Mabega yake ni mapana kuliko mlango wangu. Nikajua nimeshindwa.

Jumatano, 25 Machi

Mabango yamebandikwa ukutani mpaka kwenye duka la mkaa. Uso wa mjukuu wangu ni mkubwa kama godoro la watu wawili. Wamembadilisha jina. Si Sindano tena, ni Radi. Radi! Radi hupiga mara moja ikapotea. Sindano ndiyo inayofika mwisho wa mshono.

Muuza mkaa kaniambia, "Bibi, hongera, umetajirika." Nimemwambia ampunguzie sifa, mtoto hana pa kuziweka.

Jumamosi, 28 Machi

Kahamia kwenye kambi ya Marashi. Kachukua mto wake.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua. Nimepika sufuria ya watu wawili, nikakumbuka.

Jumanne, 7 Aprili

Nimekwenda kambini, viatu vimejaa matope. Kakonda ili afikie uzito, midomo imepasuka, na maji hanywi. Kaniambia yuko sawa. Mtu wa kona aliyepewa ni kijana anayetafuna ubani, simu mbili mkononi.

Nikamwambia, "Baba, sikiliza. Sisi tuna utaratibu wetu. Nikisimama, rusha taulo."

"Sawa, bibi. Usijali."

Nilifika nyumbani ndipo likanijia. Hakuniuliza nitakaa wapi.

Jumatatu, 13 Aprili

Pambano lilikuwa juzi Jumamosi. Naandika leo, naandikia kwenye benchi la hospitali, mkono ndio umeanza kutii.

Ukumbi ulijaa mpaka milangoni. Marashi alinipa kiti cha mbele na maua. Nikayaweka chini ya kiti.

Raundi ya kwanza mpaka ya tatu mjukuu wangu alikuwa mzuri, jamani. Nisimnyime haki yake. Ule mkono wa kushoto ulikuwa ukitoka na kurudi, ukitoka na kurudi, uso wa Bingwa ukawa mwekundu. Watu wakaimba Radi, Radi. Hata mimi moyo ulianza kunidanganya, nikasema labda sisi wazee tunajua kukohoa tu.

Bingwa hakuwa na haraka. Hicho ndicho kilichonitisha. Alikuwa akipiga mbavu. Chini ya kiwiko, kushoto, kulia, bila hasira, kama mimi ninavyoshindilia matambara. Raundi ya nne, mbavu. Ya tano, mbavu. Ya sita mikono ya mjukuu ikaanza kushuka kuzilinda, na kidevu, kile kidevu ambacho Kocha alikuwa akikisema kila siku, kikabaki peke yake hewani.

Ya saba akapigwa moja ya kichwa. Hakuanguka. Watu walidhani si kitu, maana alitabasamu. Lakini mimi nilimwona akifanya jambo. Tangu mchanga, homa ikimpanda, husugua sikio la kulia kwenye bega. Alifanya hivyo akiwa na miezi tisa, alifanya hivyo alipougua surua. Na pale katikati ya ulingo, glovu mkononi, mbele ya watu wote, akasugua sikio kwenye bega. Akageuka, akaanza kutembea kuelekea kona ambayo si yake.

Nikasimama.

Na ukumbi mzima ukasimama. Wote, kwa mpigo mmoja, kwa sababu walikuwa wamenusa mwisho. Wanaume wakapanda juu ya viti. Nilikaa miaka miwili bila kusimama, nikijiweka akiba kwa siku moja, na siku ilipofika nikawa kichwa kimoja kifupi ndani ya msitu wa watu. Nikapanda kiti. Mtu akanivuta gauni, "Bibi, unatuzibia!" Nikapiga kelele, "Taulo! Rusha taulo!" Kijana wa kona alikuwa amesimama pia. Taulo lilikuwa shingoni mwake. Alikuwa anashangilia au anaogopa, sijui, mdomo wake ulikuwa wazi na ubani nauona.

Nilisukuma. Nilimng'ata mlinzi mkono, sioni haya kuliandika. Nilipofika kwenye kamba, mjukuu wangu alikuwa ameshapigwa nyingine nne au tano ambazo hakuna aliyezihitaji, hata Bingwa. Alianguka kwa uso. Mguu mmoja ulikuwa unacheza wenyewe.

Hospitalini nilimkuta Kocha ameshafika. Kumbe alikuwepo. Alilipa tiketi yake akasimama nyuma kabisa, na taulo akaja nalo kutoka nyumbani, hata yeye hajui kwa nini. Kasema alipoona mikono inashuka raundi ya sita alilirusha, kwa nguvu zake zote. Lilifika kwenye vichwa vya watu wa safu ya katikati. Mmoja akajifutia jasho nalo.

Jumatano, 15 Aprili

Bado hajaamka. Daktari kasema ubongo umevimba.

Alhamisi, 16 Aprili

Kaamka. Kaniuliza kama nimekula.

Jumatatu, 27 Aprili

Tuko nyumbani. Daktari ni binti mdogo, kanishika mikono yote miwili wakati wa kuniambia, nikajua si jema. Atatembea, ataongea, atafanya kazi nyepesi. Ulingoni asipande tena, hata mazoezini. Pigo moja tu dogo linaweza kummaliza. Nikamwambia amwambie yeye mwenyewe. Akamwambia. Mjukuu akaitikia ndiyo, daktari, ndiyo, daktari, kwa adabu zote.

Mwanga unamuumiza. Nimeziba dirisha kwa kitambaa cha magodoro. Tunaishi kama viazi.

Marashi hajaja. Mvua ndiyo inayokuja kila siku, na Kocha. Kocha anamnyoa ndevu. Ana vidole vinene kama mihogo, lakini wembe anaupitisha kama anaandika barua. Hakuna siku aliyosema "nilikwambia". Mimi ningesema. Mimi ningelisema mpaka majirani wahame.

Jumapili, 3 Mei

Kataka kunisaidia kushona. Uzi umekataa kuingia kwenye tundu, mkono unatetemeka. Nimemtilia mimi, nikajifanya natafuta mkasi.

Jumamosi, 9 Mei

Tumekaa mlangoni.

"Bibi, jana mvua ilinyesha?"

"Ilinyesha, mume wangu. Ndoo tatu zilijaa."

Akatikisa kichwa. Akaangalia barabara. "Bibi, jana mvua ilinyesha?"

"Ilinyesha."

Kikapita kitambo, muuza mkaa akapita na mkokoteni wake, tukasalimiana. Kisha: "Bibi, jana mvua ilinyesha?"

Nikamjibu kama mara ya kwanza. Ndoo tatu zilijaa. Halafu nikaingia ndani nikakaa juu ya gunia la matambara. Nilikuwa naisikia sauti ya mbeba magunia, na kicheko cha mjukuu wangu kwenye ule ujia.

Jumamosi, 16 Mei

Marashi yamerudi.

Hakuomba samahani. Alileta matunda. Akamwambia, "Radi, watu wanakuulizia." Kisha akalitoa lililomleta. Ana kijana mpya, mapambano matano, mzuri sana, anajengwa taratibu. Safari hii kajifunza, eti, hataki haraka. Anamtafutia mtu mwenye jina, wa raundi sita. Shughuli ndogo. Saa kumi.

"Sema neno lenyewe," nikamwambia. "Unatafuta tofali."

"Bibi, ni riziki."

"Daktari kamkataza!"

"Daktari wa hospitali ni mwoga wa kazi yake. Daktari wa mapambano ndiye anayejua mabondia."

Nikachukua mto, nikampiga nao. Nikachukua wa pili. Ikapasuka, ndani ni manyoya, natamani yangekuwa matambara yaliyoshuka chini. Alitoka akiwa mweupe kama kuku, na kule nje akasema, "Nijibu, Radi."

"Nimekubali," mjukuu akajibu kutoka ndani, hata hakungoja.

Nikamgeukia. "Umekubali kufa?"

"Narudi, bibi. Nashinda hili, halafu lingine, halafu namdai Bingwa."

"Uzi unakushinda kutia kwenye tundu!"

Akainamisha kichwa. Akasema polepole, kwa ulimi ule mpya mzito, "Nisipopigana mimi ni nani? Mshona mito?"

"Mshona mito ndiye aliyekulea."

Alijua amenichoma, akanyoosha mkono akanishika kidole kimoja, kama alivyokuwa akifanya tukivuka barabara. Lakini neno lake hakulirudisha. Sikio la kufa halisikii dawa, na hili ni la kwangu, nimeliosha mwenyewe.

Jumatano, 20 Mei

Daktari wa mapambano kamwambia afuate kidole kwa macho. Kakifuata. Muhuri umepigwa. Chai yangu ingechukua muda mrefu zaidi kupoa.

Jumamosi, 23 Mei

Kocha anakwenda kwenye kona yake. Nilipolisikia nilimwendea kama moto wa makaratasi. Nikamkuta anafagia chumba cha mazoezi, gunia langu linaning'inia katikati.

"Wewe pia?"

"Mama, nimemkatalia mara tatu. Akasema atakwenda na yule kijana wa ubani." Akaegemea fagio. "Asipopewa kona na mimi atapewa na yule. Niambie ungefanya nini."

Nikalisukuma gunia, likaenda, likarudi.

"Mkataba wetu ulikufa?" nikamuuliza.

"Mimi sijauua."

"Saa kumi ukumbi unakuwa mtupu. Utaniona?"

"Nitakuona, mama."

"Nikisimama raundi ya kwanza?"

Akainua ile pua yake iliyolala. "Nitarusha raundi ya kwanza."

"Nikisimama kabla hajapigwa hata ngumi moja?"

Akaanza kufagia tena mahali alipokuwa ameshafagia. "Hatatusamehe," akasema.

"Najua."

Ijumaa, 29 Mei

Mvua kidogo, ya kuaga.

Nimekaa namtazama akikunja nguo zake za ulingo. Anazikunja, anazikunjua, kasahau ameshazikunja. Ana furaha. Kesho nitamvunjia furaha hiyo mbele za watu, na nitarudi nyumba hii nikiwa adui. Sawa. Afadhali anichukie akiwa na akili za kunichukia.

Jumamosi, 30 Mei

Ukumbi ulikuwa kama alivyokuwa akisema siku zile. Viti vitupu, mfagizi, watu wachache wanatafuta namba zao. Kijana mpya wa Marashi ni mtoto, ana chunusi. Nilimwangalia nikashindwa kumchukia.

Kengele ikalia. Walikuwa hawajafikiana katikati. Nikasimama.

Mtu mmoja nyuma akacheka, "Bibi, kaa chini, bado hawajaanza!"

Nikanyooka. Kocha hakuwa anaangalia ulingo, alikuwa ananiangalia mimi. Taulo likaruka, jeupe, likafunguka hewani, likatua miguuni mwa mjukuu wangu. Mwamuzi akaliangalia kama nyoka. Kisha akapunga mikono, basi, kwisha.

Watu wakazomea, wale wachache. Mjukuu wangu alisimama amenyanyua ngumi, haelewi. Akaliona taulo. Akamwona Kocha. Akafuata macho ya Kocha, akanikuta mimi, nimesimama peke yangu kati ya viti vitupu.

Barabarani alisema neno moja tu.

"Umenivua nguo mbele za watu, bibi."

"Watu wenyewe hawakuwepo."

"Wewe ulikuwepo."

Jumatatu, 1 Juni

Hali mbele yangu. Anachukua sahani anatoka nayo nje. Salamu hakuna.

Jumatano, 3 Juni

Hivyohivyo. Kocha alikuja, mlango ukafungwa usoni kwake. Alikaa kidogo chini ya dirisha, akaondoka. Kusema kweli nilikuwa na raha ya kisirisiri. Hasira ya siku nne si kitu kidogo. Anayeweza kushika hasira siku nne ana mahali pa kuishikia.

Marashi hajaonekana. Kasema kwa watu kwamba sisi ni ukoo wa vichaa.

Ijumaa, 5 Juni

Kimya. Jua siku mbili mfululizo.

Jumapili, 7 Juni

Mvua zimekwisha. Asubuhi nilitoa magodoro yote nje yapate jua, nikaondoa na kitambaa dirishani, na chumba kikajaa mwanga mpaka nikaona vumbi la wiki sita.

Akaamka, akaja mlangoni, akajinyoosha. Akaniona.

"Shikamoo, bibi."

Nilikuwa na fimbo ya kupigia magodoro mkononi, nikaiweka chini.

"Marahaba, mume wangu."

Akaja akaniinamia, akaweka kidevu juu ya kichwa changu kama zamani, akaniuliza kuna chai. Nikasema ipo. Nikasema moyoni, kanisamehe. Wiki moja tu, kanisamehe, mtoto huyu ana moyo wa mama yake. Nilimmiminia chai.

Akanywa. Akaangalia barabara. Kisha akanigeukia, uso mkunjufu wa furaha, hauna kinyongo hata chembe, akasugua sikio la kulia kwenye bega.

"Bibi," akasema, "lile pambano langu ni lini?"

Nje magodoro yalikuwa yanatoa mvuke juani.

Nikamwambia, "Mvua zikiisha."